Kichwa kinauma, jicho linafifia: siyo kila kitu malaria

Leo naleta jambo ambalo huku kwetu mara nyingi linaishia kwenye dawa ya malaria na tyubu ya dawa ya macho ya dukani.

Utando unaofunika ubongo unaendelea mpaka kwenye neva ya jicho. Utando ukivimba, jicho nalo linaweza kuumia. Dalili zake ni kichwa kuuma wiki kadhaa, jicho kuuma ukiligeuza, kuona ukungu na rangi nyekundu kupauka. Kwa nje jicho laweza kuwa jeupe tu, halina hata tongo!

Daktari anaanzaje? Anapima jicho moja moja, anamulika tochi hili kisha lile, anachungulia nyuma ya jicho. Inafuata damu: malaria, VVU, kaswende. Halafu maji ya uti wa mgongo, kutafuta TB na fangasi wa kriptokokasi. Hawa lazima watafutwe kwanza jamani, kwa sababu magonjwa adimu hutibiwa kwa steroidi, na steroidi bila dawa za TB kwa mwenye TB ni hatari.

Wasipopatikana, ndipo tunafika kwenye adimu. Kuna utando kuwa mnene, unaoonekana kwa MRI, na pengine hukatwa kipande kidogo kikapimwe. Kuna neuromielitisi optika, ambapo kinga ya mwili inashambulia neva za macho na uti wa mgongo. Devic wa Ufaransa aliuelezea mwaka 1894, lakini kingamwili inayoutambulisha kwenye damu ilitangazwa 2004 tu.

Msisahau pia Dar es Salaam: kuanzia 1988 vijana wengi walififia macho yote mawili, wengine na ganzi miguuni. Cuba ilipata yanayofanana 1992-1993, watu zaidi ya 50,000, na vitamini zilisaidia wengi. Kwa hiyo daktari akikuuliza unakula nini, usione anapoteza muda.

Unayetumia dawa za TB, sema. Ethambutoli inaweza kudhuru neva ya jicho, ila usiiache kivyako.

Jicho likififia ndani ya siku chache, usingoje wiki iishe. Nenda hospitali, omba rufaa ya Songea au mbele zaidi, na beba majibu yote ya vipimo. Neva ikishakufa hairudi.