Dansa za Barakoa za New Orleans

Katika mji wa New Orleans, Marekani, ambako msimu wa kanivali huanza tarehe 6 Januari na kukoma usiku wa kuamkia Kwaresima, imekuwa ada tangu miaka ya 1850, ilipoasisiwa jamii ya siri ya Mistick Krewe of Comus, kwamba katika dansa wanachama ndio wavaao barakoa, ilhali wageni waalikwa huhudhuria nyuso wazi, kwa mavazi ya heshima. Mabibi walioteuliwa huketi mahali pao makhsusi, wakingoja kuitwa majina ili wacheze na wanachama wasiowatambua, ambao huwatunuku hidaya. Usiku wa mwisho Rex, mfalme wa kanivali tangu 1872, pamoja na malkia wake humzuru Comus, mtawala wa jamii hiyo, na hapo msimu hufungwa rasmi.