Hayley Wickenheiser: Malkia wa Hoki ya Barafuni

Alizaliwa 1978, Shaunavon, Saskatchewan, Kanada

Aliitwa timu ya taifa ya wanawake akiwa na umri wa miaka 15, akaichezea zaidi ya miongo miwili. Hoki ya wanawake ilipoingia Olimpiki huko Nagano mwaka 1998, Kanada iliambulia fedha. Kisha yeye na wenzake wakatwaa dhahabu nne mfululizo: 2002, 2006, 2010 na 2014.

Mwaka 2003 alijiunga na Kirkkonummi Salamat, klabu ya wanaume nchini Ufini, akawa mwanamke wa kwanza kufunga bao katika ligi ya kulipwa ya wanaume.

Alistaafu mwaka 2017, akasomea udaktari. Tangu 2019 jina lake limo katika Ukumbi wa Magwiji wa Hoki, Toronto.