Usanifishaji na Kikagua Tahajia: Kutoka Kamati ya 1930 hadi Tarakilishi ya Mwanafunzi

Mjadala kuhusu nafasi ya tarakilishi katika uandishi wa kitaaluma wa wanafunzi huendeshwa aghalabu kana kwamba vyombo vyenyewe havina historia. Programu inayokagua tahajia ya Kiswahili huchukuliwa kuwa nyenzo ya kiufundi tu, isiyoegemea upande wowote. Makala haya yanashikilia kwamba kikagua tahajia ni mrithi wa usanifishaji wa enzi ya ukoloni, na kwamba mwanafunzi wa fasihi asiyeijua nasaba hiyo huweza kupotoshwa na chombo kinachokusudiwa kumfaa.

Kabla ya usanifishaji, wamishenari walikuwa wamegawanyika: Johann Ludwig Krapf alikitegemea Kimvita, ilhali Edward Steere alikitegemea Kiunguja. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 ikapewa, miongoni mwa majukumu mengine, kazi ya kupitia miswada ya vitabu vya shule na kuidhinisha lugha yake. Kamusi za Frederick Johnson za mwaka 1939 ziliukita uamuzi huo. Tangu hapo, neno lisiloafikiana na kamusi lilihesabiwa ama kosa ama "lahaja".

Tarakilishi ilipowadia, Kiswahili kiliiletea tatizo la kimofolojia. Orodha ya maneno, hata iwe ndefu vipi, haiwezi kukidhi haja ya lugha ambishi bainishi: kitenzi "hawatatusomeshea" kina mofimu nane, na mzizi mmoja huzalisha maumbo mengi mno. Ufumbuzi ulipatikana katika mofolojia ya ngazi mbili, aliyoibuni Kimmo Koskenniemi mwaka 1983. Kuanzia mwaka 1985 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliitumia kuunda kichanganuzi cha Kiswahili. Mwaka 2004 mradi uliokuwa na makao yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na mwanafunzi akaweza kuandika tasnifu yake kwa programu iliyomsemesha kwa Kiswahili. Mafanikio haya hayafai kubezwa. Hata hivyo, kanuni za mashine zilihitaji msamiati, na msamiati uliokuwa tayari ulikuwa ule wa kamusi sanifu, magazeti na vitabu. Uamuzi wa 1928 ukaingia katika tarakilishi bila kujadiliwa upya.

Athari zake huonekana wazi mwanafunzi anapomhakiki Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa wa karne ya 19, ambaye tungo zake zilichapishwa na William Hichens mwaka 1940 na kuchambuliwa na Mohamed Abdulaziz mwaka 1979. Katika Kimvita, "njia" ni "ndia" na "macho" ni "mato". Maumbo kama haya huweza kupigiwa mstari mwekundu, na mwandishi mwenye haraka akayarekebisha ndani ya dondoo bila kutanabahi kwamba amebadilisha matini, na pengine kuvunja vina. Hatari kubwa zaidi ni ile isiyo na mstari. "Kuteka", ambako kwa Kimvita ni kucheka, hupita salama kwa sababu katika Kiswahili Sanifu lipo neno lenye umbo hilohilo. Vivyo hivyo "ndoo", yaani njoo, huchukuliwa kuwa chombo cha maji. Mtafiti anayehesabu maneno kwa mashine atakuta vicheko vya mshairi vimeorodheshwa pamoja na utekaji.

Haifuati kwamba chombo hiki kitupwe. Kinamwondolea mwanafunzi makosa ya tahajia na ya kupiga chapa, na kumwachia msimamizi wake nafasi ya kushughulikia hoja. Linalotakiwa ni mambo mawili: dondoo zilinganishwe na toleo lililochapishwa na zikingwe dhidi ya masahihisho ya mashine, na idara za Kiswahili zikusanye msamiati wa lahaja, kila neno na maana yake na matini lilimotoka, ili uingizwe katika programu hizo. Kamati ya 1930 ilikuwa na wajumbe walioweza kujibiwa kwa barua. Mstari mwekundu hauna wa kujibizana naye, isipokuwa mhakiki anayejua ulikotoka.