Kutia Injini Wiki Moja, Kutengeneza Gari Mwaka Mzima: Kisa cha Sunbeam Tiger

Leo tuweke msimbo kando kidogo, tuingie gereji. Wale mliokuja kusoma mambo ya tarakilishi msiende mbali, maana nitawarudisha huko huko.

Jamaa zangu wawili wanapanga kutoa injini ndogo katika magari yao na kutia kubwa. Wanasema ni magari ya kwenda nayo kazini kila siku, si ya mashindano. Nimeziona hesabu zao. Bei ya injini ipo, ya gia ipo, ya fundi ipo. Breki hazimo. Rejeta haimo. Nikawaambia nitawasimulia kisa cha gari moja la Uingereza, na badala ya kukirudia mara mbili, nakiandika hapa.

Mwaka 1959 kampuni ya Rootes ya Uingereza ilitoa gari dogo la wazi lililoitwa Sunbeam Alpine. Lilikuwa zuri kwa macho na starehe kuendesha, ila injini yake ya silinda nne, ambayo baadaye ilifika lita 1.6, haikuwa na kifua. Soko kubwa la magari ya aina hii lilikuwa Marekani, na huko wanunuzi walitaka nguvu. Ian Garrad, mwakilishi wa Rootes katika pwani ya magharibi ya Marekani, alikuwa jirani wa jambo lililomkosesha usingizi. Mwaka 1962 Carroll Shelby, aliyekuwa bingwa wa Le Mans mwaka 1959, alichukua gari jepesi la Kiingereza, AC Ace, akalitia injini ya Ford ya V8, likawa Cobra. Garrad akajiuliza: kwa nini Alpine isifanyiwe vivyo hivyo?

Swali la kwanza halikuwa nguvu bali nafasi. Ilibidi injini za V8 zipimwe moja moja kuona ipi itaingia chini ya boneti ya Alpine. Iliyofaa ilikuwa Ford ya inchi 260 za ujazo, yaani kama lita 4.2. Ford walikuwa wameisubu kwa kuta nyembamba za chuma, kwa hiyo haikuwa nzito kama V8 nyingine za wakati ule, na ilizidi ile ya silinda nne kwa urefu wa sentimita 9 tu hivi. Tena distribyuta yake ilikaa mbele. Ikumbukeni distribyuta hiyo, tutakutana nayo tena.

Hapa ndipo kisa kinaponivutia mimi mwenye digrii ya kompyuta. Mwaka 1963 magari ya majaribio yalitengenezwa mawili. Shelby aliomba dola 10,000 na muda wa kutosha. Garrad hakuwa na subira, akampa kazi kama hiyo hiyo Ken Miles, dereva wa mbio na fundi hodari. Miles alimaliza kwa wiki moja hivi, kwa chini ya dola 1,000, akitumia injini aliyoipata na gia ya otomatiki ya hatua mbili. Gari likawaka, likatembea, likathibitisha kwamba wazo linawezekana. Katika kazi yetu hiyo inaitwa demo. Mteja huiona, hupiga makofi, kisha huuliza, "Si tuizindue Jumatatu?"

Gari la Shelby lilichelewa kwa sababu lilijibu maswali ambayo demo haiyaulizi. Injini ilisukumwa nyuma kadiri ilivyowezekana ili uzito usielemee magurudumu ya mbele. Usukani wa zamani wa Alpine haukuweza kubaki, kwani vyuma vyake vilipita mahali pa injini mpya, basi ukawekwa wa aina ya reki na pinioni. Ekseli ya nyuma ilifungwa fimbo ya Panhard ili isiyumbe upande upande. Betri ilihamia kwenye buti. Kila kitu kilichoguswa kiligusa kingine. Anayewahi kubadilisha hifadhidata chini ya mfumo wa zamani anaijua hali hii.

Lord Rootes, mkuu wa kampuni, aliliendesha mwenyewe, akaridhika, akampigia simu Henry Ford wa Pili na kuagiza injini 3,000. Gari lilionyeshwa New York mwezi Aprili 1964 kwa jina la Tiger. Lilikuwa na nguvu za farasi 164, karibu mara mbili ya Alpine. Liliundwa kwa niaba ya Rootes na kampuni ya Jensen huko West Bromwich. Huko mafundi walikuwa wakipokea bodi zilizokwisha kupigwa rangi, kisha wanauponda kwa nyundo kubwa ule ukuta wa bati unaotenga injini na abiria ili injini ipate pa kukaa. Na plagi moja ya nyuma ilifichika hivi kwamba ilibidi kutoboa tundu kwenye ukuta huo, uifungue ukiwa ndani ya gari! Nimewahi kuona programu za namna hiyo, nazo zilikuwa zikiingiza pesa.

Sasa tuje barabarani, ambako ndiko jamaa zangu wanaelekea. Tiger ilikimbia vizuri sana, lakini kwenye foleni ilichemka. Nafasi ya rejeta ilikuwa ile ile finyu, na hewa moto haikuwa na pa kutokea. Wenye magari haya walihangaika miaka mingi: kuziba mianya ili hewa ipite ndani ya rejeta badala ya pembeni, kubadilisha feni, kutia rejeta nene. Magurudumu nayo yalibaki ya inchi 13. Waliotaka nguvu zaidi waliweza kununua kwa wakala manifoldi ya Edelbrock na kabureta ya Holley ya koo nne, injini ikafika nguvu za farasi 245. Tazameni mpangilio: nguvu ilikuwa inauzwa dukani, lakini ubaridi ulibidi kila mtu ajitafutie.

Usawazishaji wa injini wa enzi hizo ni programu iliyoandikwa kwa chuma. Ndani ya distribyuta mlikuwa na vizito na springi: mzunguko ukiongezeka vizito vinatanuka, na cheche inawahi zaidi. Ukibadilisha springi, umebadilisha msimbo. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta ya injini yenye jedwali: upande mmoja mizunguko kwa dakika, upande mwingine mzigo, na kila kisanduku kina namba ya mafuta au ya cheche. Fundi akipeleka gari kwenye mashine ya kupimia nguvu, anayojisifia ni safu moja tu, ile ya kukanyaga mafuta hadi mwisho. Gari la kwenda kazini halikai huko. Linakaa kwenye visanduku vya chini: kuwaka asubuhi ya baridi, kunguruma taratibu kwenye taa nyekundu, kutambaa kwa gia ya pili nyuma ya matatu. Huko ndiko gari zuri la barabarani linakopatikana, na hakuna anayepiga picha ya namba hizo.

Halafu sisi wa Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi. Kabureta iliyowekwa sawa Mombasa ikipanda huku itamwaga mafuta kupita kiasi. Na breki zilizotosha injini ndogo zinaweza kuchemka na kupoteza nguvu ukiteremka Mai Mahiu na kasi uliyoizoea kwa injini kubwa. Hapo kinachopotea si bajeti, ni watu.

Mwisho wa Tiger haukuletwa na rejeta. Mwaka 1964 Chrysler ilinunua sehemu ya Rootes, na mwaka 1967 ikachukua udhibiti wa kampuni. Chrysler ikajikuta inauza gari lenye moyo wa mshindani wake, Ford. Vibandiko vya "Powered by Ford 260" vikaondolewa. Wakajaribu kutazama V8 yao wenyewe, lakini distribyuta yake ilikaa nyuma, penye ule ukuta uliopondwa kwa nyundo. Haikuingia. Mwaka huo huo 1967 utengenezaji ukakoma, baada ya magari 7,000 hivi.

Ndiyo maana nawaambia jamaa zangu, na wenzangu wa programu pia: kabla ya kupenda injini ya mtu mwingine, jueni itakavyopozwa, itakavyosimamishwa, na mtakachofanya siku mwenyewe atakapowanyima. Ushauri wangu wa mpangilio ni huu: breki kwanza, rejeta ya pili, usukani wa tatu, jedwali la mafuta la nne. Injini yenyewe inunueni ya mwisho. Pesa zikiisha kabla ya kuifikia, mtabaki na gari dogo lenye breki nzuri, na hilo si hasara hata kidogo.

Kama kuna aliyewahi kuendesha Tiger, au aliyetia V8 kwenye kigari chake na bado anafika kazini bila kuchemka, na atuambie alianza na nini.