Kicheko Kilichofunga Shule

Tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, kilomita kama 40 kutoka Bukoba, walishikwa na kicheko wasiweze kunyamaza. Shule ilipofungwa Machi 18, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Wakarudishwa makwao, na katika kijiji cha Nshamba watu 217 wakashikwa Aprili na Mei.

Dunia huusimulia mkasa huu kama kichekesho, jambo linaloniuma. Waliopatwa walicheka, wakalia, wakahangaika. Wengine walisema kuna mtu anawakimbiza, na waliozuiwa kwa nguvu walipambana. Kicheko kilikoma kisha kikarudi, kwa wengine hadi siku 16.

Waliolichukua jambo hili kwa uzito ni A. M. Rankin wa Makerere na P. J. Philip, daktari wa Bukoba. Walitafuta ugonjwa. Walipima damu na maji ya uti wa mgongo, wakamulika mboni za macho, wakakagua chakula. Hata fununu kwamba mabomu ya atomiki yamechafua hewa hawakuipuuza. Sumu haikuonekana, wala kijidudu. Walimu hawakupatwa hata mmoja. Mwaka 1963 wakaandika kwamba ni mhemko wa kundi ulioenea kutoka nafsi hadi nafsi.

Sisi wa Buhigwe, katika nchi ya Buha, hatuwezi kulitazama hili kama la mbali. Kubandwa, yaani desturi ya kupandwa na roho, kulienea Burundi, Buha na hadi Buhaya, iliko Kashasha. Huku kwetu roho iliyopanda watu ni Kiranga. Aliyepandwa alikuwa na wakubwa wa kumpokea, nyimbo za kumwongoza na njia ya kurudi katika hali yake. Katika bweni la Kashasha hapakuwa na lolote kati ya hayo, na naamini pengo hilo lilikuwa na uzito wake. Daktari Benjamin Kagwa wa Uganda, akiandika 1964 juu ya milipuko ya namna hii Afrika Mashariki, naye alinyoosha kidole kwenye mvutano wa mila za nyumbani na maisha mapya.

Shule ya Kashasha ilifunguliwa tena Mei 21, 1962. Wasichana 57 wakashikwa, ikafungwa tena mwishoni mwa Juni. Rankin na Philip walipokuwa wakiandika ripoti yao, kicheko kilikuwa bado kinatambaa vijijini.