Nani Huchagua wa Kuchaguliwa?

Katika mlango wa kwanza wa Matendo ya Mitume twasoma habari za kujaza nafasi ya Yuda. Ndugu waliokutanika, yapata watu 120, waliweka mbele watu wawili, Yusufu Barsaba na Mathiya. Kisha ikapigwa kura, nayo ikamwangukia Mathiya. Kazi zilikuwa mbili: kuleta majina, na kumpata mmoja katika hayo. Watu wengi huiangalia ile ya pili tu. Sisi twataka kueleza ile ya kwanza kama ilivyokuwa Marekani, maana huko imeleta mashindano makubwa.

Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka 1787, haisemi neno lo lote juu ya vyama. Vyama vilipotokea, wabunge wa chama walikutana wao kwa wao wakapatana juu ya mtu wa kugombea urais. Desturi hiyo ilikoma mwaka 1824. Mwaka huo wabunge wachache tu walihudhuria, wakamtaja William Crawford, naye akashindwa.

Ndipo ukaja mkutano mkuu, ambao wajumbe wa majimbo yote huuhudhuria. Wa kwanza ulifanywa Baltimore mwaka 1831 na chama kilichowapinga Frimasoni, na vyama vingine vikafuata. Kwa njia hiyo Abraham Lincoln alipatikana mjini Chicago mwaka 1860, katika kura ya tatu. Walakini njia hii nayo ilikuwa na taabu zake. Mwaka 1924, mjini New York, wajumbe wa chama cha Demokrati walipiga kura mara 103 ndipo wakampata John W. Davis, naye akashindwa na Calvin Coolidge. Tena mara nyingi wakubwa wa chama walipatana kwa siri, na wajumbe wakafuata.

Kwa hiyo majimbo mengine yakaanzisha kura za mchujo, ambazo kwa hizo wanachama wenyewe husema ni nani wamtakaye. Lakini kwa miaka mingi kura hizo zilikuwa kama shauri tu. Mwaka 1912 Theodore Roosevelt alishinda nyingi katika hizo, na mkutano wa chama cha Republikani ukamweka William Taft.

Waliofungiwa mlango kuliko wote walikuwa watu weusi wa kusini. Mwaka 1964 watu weusi wa Mississippi, waliozuiwa wasipige kura, waliunda chama chao wakapeleka wajumbe Atlantic City kwenye mkutano wa Demokrati. Mmoja wao alikuwa Fannie Lou Hamer, mama mcha Mungu, mfanyakazi wa mashamba ya pamba. Alieleza jinsi alivyofukuzwa shambani kwa kutaka kujiandikisha, na jinsi alivyopigwa gerezani. Wakapewa viti viwili tu, wakavikataa.

Mwaka 1968, mjini Chicago, Hamer aliketi akiwa mjumbe halali. Lakini mkutano huo ulimweka Hubert Humphrey, ambaye hakushindana katika kura za mchujo. Nje polisi wakawapiga waandamanaji, na Humphrey akashindwa katika uchaguzi. Chama kikabadili kanuni zake, na tangu mwaka 1972 wajumbe walio wengi hupatikana kwa kura za mchujo. Mkutano mkuu sasa kwa kawaida huthibitisha yaliyokwisha amuliwa. Hata hivyo wajumbe hawakupoteza mamlaka yote: mwaka 2024, Joe Biden alipojitoa baada ya kushinda kura hizo, wao ndio waliomweka Kamala Harris.

Basi, wasomaji, mtu aweza kupewa kura na bado asiwe na uchaguzi, ikiwa majina yameletwa na wachache nyuma ya mlango. Tukichagua wazee wa kanisa au viongozi wa ushirika, yatupasa kuuliza mapema: majina haya yametoka kwa nani, na ni nani hakuitwa yalipotajwa?