Bougainville: waliketi kwanza wao kwa wao, ndipo wakaenda kuongea na serikali

Kila mara redio inapotangaza kwamba viongozi wamepanda ndege kwenda mazungumzo, katika kambi za wahami swali ni lile lile: wanaenda kutuombea nini, na nani amewatuma? Swali hilo liliulizwa pia mbali sana na Kongo, katika kisiwa cha Bougainville, kwenye bahari ya Pasifiki. Huko, vita vilivyoanzia kwenye machimbo ya shaba vilidumu karibu miaka 10. Jibu lilianza kupatikana siku viongozi wa kisiwa walipokubali kuketi wao kwa wao kabla ya kuketi na serikali.

Shaba na ardhi ya mama

Bougainville ni sehemu ya nchi ya Papua Guinea Mpya. Iko karibu kilomita 1000 kutoka mji mkuu, Port Moresby. Wakaaji wake wana undugu wa karibu zaidi na watu wa Visiwa vya Solomon, walio jirani. Lakini mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani na Waingereza walipogawana visiwa vile, mpaka ulipita kati ya ndugu. Mkongomani yeyote anaelewa jambo hilo bila kuelezwa sana.

Mwaka wa 1972 kampuni ya Bougainville Copper ilianza kutoa shaba Panguna, katikati ya milima. Shimo lake lilikuwa moja ya mashimo makubwa zaidi ya shaba duniani. Shaba ile ilileta zaidi ya asilimia 40 ya pesa ambazo nchi nzima ilipata kwa kuuza vitu nje. Wenye ardhi walipata sehemu ndogo sana, na mto Jaba ukajaa mchanga na uchafu wa machimbo. Katika sehemu nyingi za Bougainville, ardhi inarithiwa kupitia ukoo wa mama. Kwa hiyo shamba lilipopotea, mama ndiye aliyebaki bila kitu cha kuwaachia watoto.

Tarehe 1 mwezi wa 9 mwaka wa 1975, siku chache kabla ya Papua Guinea Mpya kupata uhuru, viongozi wa kisiwa walitangaza uhuru wao wenyewe. Hakuna nchi iliyowatambua. Mwaka uliofuata walikubali kuwa jimbo lenye serikali yake ndogo, na mambo yakatulia. Lakini kilio cha ardhi hakikutulia. Mwishoni mwa mwaka wa 1988 Francis Ona, aliyewahi kuwa mfanyakazi wa machimbo, aliongoza vijana waliolipua minara ya umeme iliyopeleka nguvu Panguna. Mwezi wa 5 mwaka wa 1989 machimbo yakafungwa.

Serikali ilituma jeshi. Mwaka wa 1990 jeshi likaondoka na serikali ikafunga njia zote za kuingia kisiwani. Mashua zilizuiwa, dawa zikakosekana, mafuta yakakosekana. Ona akatangaza uhuru tarehe 17 mwezi wa 5 mwaka ule. Wagonjwa ambao wangepona kwa dawa za kawaida walikufa, na mama walikufa wakijifungua.

Kisha vita vikageuka kuwa vya ndugu kwa ndugu. Wapiganaji wa Ona waliitwa Jeshi la Mapinduzi la Bougainville. Wakaaji wengine, wakianzia kisiwa kidogo cha Buka upande wa kaskazini, waliona vijana wale wakiwatesa, wakaita jeshi la serikali lirudi. Wakaunda kundi lao la wanamgambo, lililopigana upande wa serikali. Makumi ya maelfu ya watu waliwekwa katika kambi zilizolindwa na askari. Wengine walikimbilia msituni, wengine walivuka bahari usiku kwa mashua ndogo hadi Visiwa vya Solomon. Hesabu ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni hadi watu 20,000, ingawa wataalamu wanaibishania. Kisiwa kizima hakikuwa na zaidi ya watu laki mbili.

Mazungumzo yaliyovunjika

Si kwamba watu hawakuzungumza. Mwaka wa 1990 walikutana kwenye meli ya Nyuzilandi iliyoitwa Endeavour. Mwaka wa 1991 walitia sahihi mapatano mengine Honiara, katika Visiwa vya Solomon. Mwaka wa 1994 mkutano mkubwa uliitwa Arawa, mji mkubwa wa kisiwa, lakini wakubwa wa waasi hawakufika kwa sababu waliogopa kuuawa. Mwaka wa 1995 watu wa Bougainville wa pande zote walikutana Cairns, Australia. Mwanzoni mwa mwaka wa 1996 wajumbe wa waasi walipokuwa wakirudi nyumbani, walishambuliwa kwa risasi.

Mwaka ule ule, tarehe 12 mwezi wa 10, aliuawa Theodore Miriung. Alikuwa mwanasheria, na aliongoza serikali ya mpito ya kisiwa huku akijaribu kuzungumza na waasi. Uchunguzi ulisema wauaji walitoka katika jeshi la serikali na wanamgambo waliokuwa upande wake.

Mikutano ile ilikuwa na kasoro mbili kubwa. Kasoro ya kwanza ni usalama: mtu anayetoka msituni kwenda kuzungumza lazima awe na hakika ya kurudi akiwa hai. Ya pili ni kwamba watu wa kisiwa waliingia mkutanoni wakiwa vipande vipande. Waasi waliwaona wenzao wa serikali ya mpito kama wasaliti. Wale wa serikali ya mpito waliwaona waasi kama wauaji. Serikali kuu iliweza kuchagua nani wa kuongea naye, na sahihi ya mmoja haikuzuia bunduki ya mwingine.

Barza ya Burnham

Mwanzoni mwa mwaka wa 1997 serikali ya Port Moresby ilikodi mamluki wa kampuni ya Sandline kwa dola milioni 36 ili kumaliza vita kwa nguvu. Mkuu wa jeshi, Jerry Singirok, alikataa na kuwakamata mamluki. Nchi ikatikisika, na waziri mkuu Julius Chan akalazimika kukaa pembeni. Wakati huo kila upande ulikuwa umechoka, na mlango ukafunguka kidogo.

Nyuzilandi ilitoa mahali. Mwezi wa 7 mwaka wa 1997 wajumbe wa Bougainville walipelekwa Burnham, kambi ya kijeshi karibu na mji wa Christchurch. Walikuwepo viongozi wa waasi, viongozi wa serikali ya mpito, machifu na akina mama. Serikali ya Papua Guinea Mpya haikuketi katika mkutano ule. Wenyeji walitoa vitanda, chakula na ulinzi, kisha wakawaachia wageni wao mazungumzo.

Sisi tungeiita barza. Watu waliopoteza ndugu waliketi chumba kimoja na watu waliowafikiria kuwa ndio waliowaua ndugu hao. Walikaa karibu wiki mbili. Tarehe 18 mwezi wa 7 walitoa tangazo moja, wakiwa upande mmoja: vita visimame, njia za kuingia kisiwani zifunguliwe, Umoja wa Mataifa ulete walinzi wa amani, na serikali iitwe kwenye mazungumzo. Hawakuwa wameafikiana kama wanataka uhuru au la. Waliafikiana kwamba hakuna mmoja wao atakayelijibu swali hilo peke yake.

Mwezi wa 10 walirudi Burnham, safari hii na maofisa wa serikali, na mapigano yakasimamishwa. Waangalizi kutoka Nyuzilandi, Australia, Fiji na Vanuatu walitumwa kisiwani bila silaha. Mwezi wa 1 mwaka wa 1998 mapatano mengine yalitiwa sahihi Lincoln, pia karibu na Christchurch. Akina mama walienda Lincoln wakiwa wengi na wakatoa tamko lao. Walikuwa na haki ya kusema, kwani miaka yote ya vita walitembea msituni na makanisani wakiwaomba watoto wao wa pande zote mbili waache kupigana. Tarehe 30 mwezi wa 4 vita vilisimamishwa rasmi Arawa.

Kujitayarisha ndiyo kazi yenyewe

Mazungumzo juu ya hatima ya kisiwa yalianza katikati ya mwaka wa 1999 na kuchukua miaka miwili. Upande wa Bougainville ulikuwa bado na mawazo mawili. Joseph Kabui na waliokuwa waasi walitaka uhuru. Viongozi wa Buka na wanamgambo wa zamani walitaka kubaki katika nchi, lakini wajitawale kwa mambo mengi. John Momis, padre wa zamani na mbunge wa miaka mingi, alikuwa ameishitaki serikali kuu kwa kusimamisha serikali ya jimbo. Alishinda mahakamani mwishoni mwa mwaka wa 1999 na kuwa gavana.

Hapo umoja ungeweza kuvunjika. Momis alikuwa na sheria mkononi, Kabui alikuwa na watu wa msituni nyuma yake. Walikubaliana kufanya kazi pamoja: Momis akabaki gavana, lakini akaamua mambo kwa kushauriana na baraza la Kabui.

Kabla ya kukutana na serikali, wajumbe wa kisiwa walikuwa wakijifungia wenyewe kwa siku nyingi. Walibishana hadi wapate msimamo ambao kila kundi lingeweza kuupeleka kwa watu wake. Walikuwa na washauri wa sheria kutoka nje, kama Anthony Regan wa Australia, waliowaeleza nchi nyingine zimefanya nini. Mfano mmoja ulikuwa Kaledonia Mpya, ambako mwaka wa 1998 Ufaransa na viongozi wa kisiwa walikubali kura ya uhuru, lakini baada ya miaka mingi.

Kutoka hapo walipata njia iliyowabeba wote. Wasiotaka uhuru wa haraka walipata serikali ya kujitawala mara moja. Waliotaka uhuru walipata ahadi ya kura ya wananchi, iliyoandikwa katika katiba. Wote walipata muda wa kuponya vidonda. Mkataba ulitiwa sahihi Arawa tarehe 30 mwezi wa 8 mwaka wa 2001. Ulisema kura itafanyika kati ya miaka 10 na 15 baada ya serikali ya kwanza ya kujitawala kuchaguliwa.

Silaha ziliwekwa katika makontena yenye kufuli mbili: ufunguo mmoja ulikuwa kwa kamanda wa kundi, wa pili kwa Umoja wa Mataifa. Hakuna aliyeweza kufungua peke yake. Serikali ya kujitawala ilichaguliwa mwaka wa 2005, na Kabui akawa rais wake wa kwanza.

Deni ambalo halijalipwa

Si kila mtu aliingia barzani. Francis Ona alikataa mazungumzo hadi kifo chake mwaka wa 2005. Wafuasi wake waliendelea kufunga barabara ya Panguna, na silaha zao hazikuingia kwenye makontena. Aliyebaki nje ya mlango aliendelea kuwa tatizo kwa waliokuwa ndani.

Kura ilifanyika mwishoni mwa mwaka wa 2019. Zaidi ya watu 176,000 walichagua uhuru, na 3,043 tu walichagua kubaki na madaraka makubwa zaidi. Lakini ili serikali ikubali mkataba wa 2001, viongozi wa kisiwa walikubali sharti moja gumu: matokeo ya kura hayailazimishi serikali. Ni lazima pande mbili zishauriane, na bunge la Port Moresby ndilo lenye neno la mwisho. Kwa hiyo mazungumzo yaliendelea tena. Mwezi wa 6 mwaka wa 2025 viongozi wa Bougainville, wakiongozwa na rais Ishmael Toroama, kamanda wa waasi wa zamani, walikutana tena na serikali Burnham, kambi ile ile ya mwaka wa 1997.

Mtu anaweza kusema: miaka yote hiyo, na bado? Ni kweli, kisiwa hakijapata uhuru kilioupigia kura. Lakini watoto waliozaliwa baada ya mwaka wa 1998 wamekua bila kulala msituni. Familia zilitoka kambini, zikarudi kulima. Wanaobishana sasa juu ya uhuru wanabishana mezani.

Hapa kwetu, mazungumzo yakitangazwa, watu huuliza mkutano utakuwa mji gani na nani atakuwa mpatanishi. Historia ya Bougainville inawapa wahami maswali mengine ya kumuuliza kiongozi kabla hajapanda ndege. Umeketi na nani kwanza? Wale ndugu mnaochukiana nao, mmewasikiliza? Akina mama wa kambini wamesema nini, na umekiandika? Ukirudi na karatasi yenye sahihi yako, nani mwingine ataiheshimu? Kiongozi asiye na majibu hayo hajawa tayari kwa safari.